Nani Awe Somo wa Raya

Sogeeni. Mwenye jibu alimeze kwanza mpaka nimalize.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Tanga: Bi Mosi fundi cherehani, mwenye jicho, Bi Chiku, mwenye sikio, na Daktari Tabu, mwenye subira. Wote walikuja kumpenda Raya, binti aliyekuwa darasa la saba na kimo cha darasa la pili. Wenzake walimwita Kisoda. Alicheka nao, kisha akaenda kulia bafuni.

Bi Mosi ndiye aliyemshonea sare. Siku moja akaweka tepu chini, akamwambia mama yake, "Mama Raya, nguo zinachakaa kabla hazijambana. Mpeleke hospitali, na usiniambie ni ufupi wa ukoo." Mama akaona haya, akampeleka.

Hospitali wakaona pua yake haikauki maji, wakasema ni mafua, wakachungulia wakaona kinyama ndani, wakapanga kukikata. Bi Chiku, shangazi yake aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja na kumsikia akivuta pua usiku kucha, akamwambia tabibu, "Mwanangu, subiri kidogo. Haya si mafua. Ni maji matupu, ya tundu moja, na akiinama kufagia ndiyo yanachuruzika." Kisu kikarudishwa.

Daktari Tabu akaitazama picha ya kichwa mpaka chai yake ikapoa. Mfupa unaobeba ubongo ulikuwa na mwanya tangu Raya yumo tumboni. Ubongo ulichungulia puani, ukavuta na kitezi kidogo kinachouamuru mwili ukue. "Tungekikata kile kinyama," alisema, "tungekata ubongo." Akauziba mwanya, akampa dawa za kufanya kazi ya kile kitezi, na kila Raya alipogoma kudungwa sindano, alimfuata nyumbani kumbembeleza.

Raya akarefuka. Mwaka huu akavunja ungo, jambo ambalo mama yake alishalikatia tamaa.

Sasa mwari sharti awe na somo wa kumfunda na kumtunzia siri maisha yote, na somo ni mmoja.

"Bila jicho langu, nani angejua anaumwa?" akasema Bi Mosi.

"Bila mimi angekuwa kaburini," akasema Bi Chiku.

"Na ungo kauvunja kwa dawa za nani?" Daktari akauliza, akitabasamu.

Wanataniana pale mkekani, lakini hakuna anayekubali kuachwa. Mama anasema, "Haya, mtaje." Raya anawatazama wote watatu na moyo unamuuma, maana anawapenda sawasawa.

Je, ungekuwa wewe Raya, ungemtaja nani? Na wale wawili ungewaambia nini?