Mikeka Miwili ya Bi Mboja

Sogeeni, wajukuu zangu, masikio yaje mbele. Kale, kale ya kale, hata ukale wenyewe ulipokuwa bado unatambaa, mji wetu ulikuwa na sheria nyingi kuliko watu.

Sheria moja ilihusu mikeka ya harusi. Mama wa bibi harusi alisuka miwili, mmoja wa binti, mmoja wa bwana harusi, kila mmoja ukiwa na mstari mwekundu katikati. Mistari hiyo sharti ilingane. Kuipima kwa kamba hakukuruhusiwa, kamba ni ya kupimia maiti. Kuiweka mikeka pamoja, mwiko, maana wenyewe walikuwa bado hawajaozwa. Basi mmoja ulitandikwa upande huu wa uwanja, mmoja upande ule, na Mkadiriaji Mkuu, Mwinyi Shomari, akapima kwa jicho. Jicho lake, wajukuu zangu, lilikuwa na mhuri.

Sasa Bi Mboja alisuka ya bintiye. Mstari wa binti akaumaliza kwa mikia ya mbayuwayu, huku na huku, ikipanuka kwenda nje. Wa bwana harusi akaumaliza kwa vichwa vya mishale, vikirudi ndani. Akapendezwa, maskini.

Mwinyi akatazama huku, akatazama kule, akakohoa kiserikali. Wa bwana harusi mfupi. Hiyo ni dharau kwa mume, na dharau huvunja harusi. Watu wakatazama, wakakiri. Hata Bi Mboja, aliyeusuka mwenyewe, aliuona mfupi. Akalia kimya, na binti yuko ndani, hina haijakauka.

Hapo akasimama Bi Time, mama wa bwana harusi. Yeye ndiye aliyetukanwa, mnaona? Akauliza sheria inasemaje kuhusu nyayo. Mwinyi akapekua makaratasi yake, akapekua. Haikusema kitu. Bi Time akavua viatu, akakanyaga mstari, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole: kumi na moja. Akaenda kule, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole: kumi na moja.

“Bibi, miguu yako ina upendeleo,” akasema Mwinyi.

“Basi lete ya serikali.”

Mwinyi akavua vyake. Tisa huku, tisa kule. Akarudi kutazama, na bado ile mikia na ile mishale ikamwonyesha mmoja mrefu, mmoja mfupi. Akaandika kwamba jicho la ofisi halikukosea, ila siku ile jua lilikuwa kali. Harusi ikafungwa.

Bi Mboja akamwuliza mwenzake kwa nini alimstiri.

“Niliona vidole vyako,” akasema Bi Time. “Mtu hachubuki hivyo kwa kumdharau mwanangu.”

Kwenye mojawapo ya mikeka ile alizaliwa nyanya yangu. Bila Bi Time hakuna mimi, hakuna nyinyi. Simjui sura, lakini namshukuru kila asubuhi. Nanyi, jicho likimshitaki mtu, inukeni mwende mpaka alipo. Na aliyewahi kuinuka kwa ajili yenu, mwambieni ahsante angali anasikia.

Kisa kimefika upindoni. Aliyepata kapata, aliyesinzia, wenzake watamsimulia.