Panya Buku Anayetaka Kiti cha Vita

Hapo zamani, zamani zile wanyama walipokuwa na milango, na mikeka, na wakwe wa kuwaudhi, palikuwa na mji huko magharibi ya mbali, nchi ya Wayoruba. Mji una ukuta wa udongo, nje ya ukuta kuna handaki, na lango ni moja tu la kwenda sokoni. Sogeeni basi. Na wewe acha kumfinya mwenzio.

Ndani ya mji huo alikaa Panya Buku, jina lake Bi Abeni. Alianza na chumvi kidogo tu, anaibeba mashavuni, tip tip tip, mpaka soko la mbali. Anarudi na kola. Kola ni kokwa chungu za kutafuna, wageni huko wanapewa kola kama sisi tunavyotoa kahawa. Akauza, akanunua, akauza tena. Mwishowe ana wapagazi, ana maghala ya mafuta ya mawese, ana pinde na mishale ya jeshi zima. Na jeshi lenyewe la nani? Lake! Panya watupu.

Fisi walipouzingira mji, nani aliyewaondoa? Panya wa Abeni. Walipita chini kwa chini wakatafuna kamba za pinde za fisi, kre kre kre. Fisi kuvuta upinde, pwe! Kamba hakuna. Wakafyata mikia, wakaondoka.

Haya, na nani alizungushwa mjini kwa ngoma? Tembo! Jemadari Tembo, ambaye siku hiyo alikuwa amelala anakoroma.

Abeni alichoka, wajukuu zangu. Alichoka mpaka masharubu yakamlegea. Maana kila siku ya soko Tembo na rafiki yake Nyati, mlinzi wa lango, hawakosi kwake. "Hodi" haijaisha, wameshakaa.

"Jamani, futeni miguu!" Abeni analia. "Jamani, mkeka mpya huo! Jamani, mishale yangu mliyochukua iko wapi?"

Nani anamsikiliza? Tembo anapunga masikio, fwa, fwa. "Mwache, Nyati. Huyu ni mbu tu, kulia ndiyo kazi yake. We Panya, hebu ongeza mafuta kwenye viazi vikuu hivi."

Siku moja asubuhi akaja Kasuku, msemaji wa mfalme.

"Shoga yangu, umelala?" Kasuku akasema. "Kesho barazani Tembo anaomba lango liwe lake. Mzigo wako hautapita mpaka yeye apende."

"Lango lake? Mimi nitauza nini? Hewa?"

"Ndiyo hivyo. Na wa kumpinga hayupo. Wenye viti vya vita, wanaosema barazani mambo ya jeshi na lango, ni yeye na Nyati."

"Na mimi?"

"Wewe huna kiti."

"Sina kiti!" Abeni akajipiga mapajani. "Pinde zangu, panya wangu, chakula changu, na kiti sina! Na viti anatoa nani?"

"Wenye viti wenyewe. Wakikubaliana, mfalme anaitikia."

Abeni akashika kiuno. Akazunguka ua, akazunguka tena. Halafu akasimama.

"Mchana watakuja kula, hawa hawakosi. Na wewe uje, Kasuku. Ukae kimya, usikie."

Sasa jueni desturi ya huko. Kola ya mgeni haitafunwi hivi hivi. Mwenye nyumba anaipasua, anaisemea maneno, na atakayeila ameyakubali yale maneno. Akishameza, kwisha. Hata mfalme hawezi kumtoa.

Jua lilipopanda wakaja. Du! Du! Du! Vyungu vikatikisika rafuni.

"Chakula!" Tembo akanguruma.

"Bado, Jemadari. Kuni mbichi."

Wakangoja. Matumbo yakaanza kusema, nguru, nguru. Nyati akalamba pua. Hapo ndipo Abeni akatoka na sahani ya kola, nyekundu, mbichi, zimetoka kufunuliwa kwenye majani, zinanukia. Akaiweka mbele yao. Akaanza kulia kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

"Jamani, sikilizeni! Atakayekula kola hii amekubali Abeni ni Mama wa Vita, ana kiti barazani!"

Kra! Tembo ameshatia mdomoni.

"Jamani, nasema! Ana kiti, na lango halitakuwa la mtu mmoja!"

Kra, kra! Nyati naye.

"Jamani, mmenisikia?"

"Tumesikia, tumesikia," Tembo akasema, mdomo umejaa. "Unalia kila siku, hujichoshi? Lete viazi!"

Kasuku pale pembeni hata unyoya hakuutikisa.

Kesho yake baraza likajaa. Mfalme Chui amekaa, uso umefunikwa na shanga za taji, maana huko uso wa mfalme hauonwi ovyo. Tembo akajikohoza.

"Mfalme uishi! Mimi, niliyewafukuza fisi, naomba lango."

"Halitolewi," Kasuku akasema.

"Nani kasema?"

"Wewe." Kasuku akafumbua mdomo, ikatoka sauti ya Abeni tupu: "Atakayekula kola hii amekubali Abeni ni Mama wa Vita..." Akayamwaga yote. Mwisho akatoa sauti ya Tembo mwenyewe: "Tumesikia, tumesikia!"

Baraza zima likamgeukia Tembo.

"Uliila?" Mfalme akauliza.

"Niliila, lakini... nilidhani analalamika tu! Huyu hulalamika siku zote!"

"Na wewe Nyati?"

"Mimi... iliteleza yenyewe, Mfalme."

"Alisemea mbali?"

"Mbele yetu," Nyati akasema, anatazama kwato zake.

"Sasa Tembo," Mfalme akasema, "hayo masikio uliyopewa ni ya kufukuzia nzi?"

Shanga za taji zikaanza kutikisika, cha cha cha cha. Mfalme anacheka! Baraza zima likaangua kicheko. Kikaletwa kiti. Abeni akakipanda, miguu inaning'inia, haifiki chini.

Na desturi ya huko, mwanamume akimsalimu mkubwa wake analala kifudifudi. Nyati akalala. Tembo akatazama huku, akatazama huku, hana pa kukimbilia. Akajiachia, puuu! Vumbi likapanda, watu wakakohoa, Kasuku akapotea humo ndani.

"Ah, jamani!" Abeni akasema, anapangusa macho. "Hata kusalimu hamjui? Haya inukeni, lango liko wazi, wapagazi wangu wamesimama juani."

Basi hapo ndipo mwisho wake, wajukuu zangu, na mshike hili: mtu akisema nanyi, msikilizeni kwanza, ndipo mle chake.