Chumba cha Maziwa Kilichogoma Kupoa

Asubuhi hii, ndugu zangu, nataka tukae kidogo na mama mmoja mfugaji aliyechanganyikiwa. Msimcheke mapema.

Mama huyu alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na maziwa ya jioni yalimtesa. Gari la kukusanya maziwa lilipita asubuhi tu, na kila likifika, ya jioni yameshachacha. Watoto wake walisoma kwa maziwa hayo, kwa hiyo kila ndoo iliyomwagwa ilimuuma rohoni.

Siku moja akaenda kituo cha maziwa mjini. Akaona jengo la ajabu: halina pembe, ukuta unapanda na kupinda mpaka unakuwa paa, kisha unashuka upande wa pili. Limeungwa kwa paneli nene, bati nje, bati ndani, katikati povu gumu. Akaingia, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Akasema moyoni, dawa yangu nimeiona.

Akauza ng'ombe wawili, akaagiza paneli kama zile, zilizopinda vilevile, fundi akazifunga. Jioni akakamua, akaingiza ndoo, akafunga mlango, akalala usingizi mnono. Kulipokucha maziwa yamechacha, tena vibaya kuliko zamani.

Hapo akili ikamruka. Akamwita fundi, akamuuliza kama hakuzigeuza, upande wa ndani ukawa nje. Fundi akapapasa kila kiungo, akasema chumba hakina kosa, hata upepo haupenyi. Mama akamwagia paa maji. Akahamisha ndoo kutoka huku kwenda kule. Mwisho akaulaumu ule mpindo: pengine baridi inateleza juu ya mgongo wa nyumba na kuangukia nje. Mnacheka? Mtu aliyechanganyikiwa hakosi maelezo.

Akiwa katika hali hiyo, jirani yake mfuga kuku akamkaribisha aone banda jipya la vifaranga. Mama akapigwa butwaa. Paneli ni zilezile, zimepinda vilevile, lakini ndani kuna joto zuri na vifaranga wamelala kwa raha zao.

"Jirani, mbona wewe umeuziwa za joto?" akauliza.

"Hazina joto, mama. Joto ni la jiko lile pale."

"Na kule kituoni, ile baridi?"

"Kuna mashine ya kupozea nyuma ya jengo. Kwani hukuzunguka? Paneli hazileti kitu. Zinatunza ulichoingia nacho."

Mama akakaa chini. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa ya moto. Kumbe usiku kucha alikuwa analitunza joto la ng'ombe, amelifungia lisitoroke, huku akingoja baridi ambayo hakuna aliyeileta. Angeyaacha barazani, upepo wa mlimani ungeyapoza kidogo.

Sasa sisi. Tumejichangisha, tumejenga nyumba hii nzuri, na kila Jumapili tunaingia tukisema humu tutapata amani. Tunaingia na nini? Yupo humu asiyesema na dada yake tangu walipomzika baba yao, na wote wawili wako kwaya moja. Yupo asiyempa mkono jirani yake wa benchi. Halafu tunashangaa: mbona tunasali miaka yote hii na chuki haipoi? Tunamlaumu mchungaji, tunalaumu nyimbo, tunabadilisha benchi.

Itapoaje, ndugu zangu? Tumeifunika vizuri, tumeifungia mlango, tumeiimbia. Kule sokoni ingekuwa imekwisha zamani. Watu wangetoleana maneno, wakapatanishwa, wakaendelea kuuziana nyanya. Ni humu ndani ilimobaki ya moto.

Kwa hiyo leo siendelei na mahubiri. Mlango uko wazi. Mwenye mtu wa kumfuata, ainuke amfuate sasa hivi. Sisi wengine tutakaa kimya mpaka warudi wote wawili.