Mkeka Juu ya Kifusi

Soma hii taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Ghorofa la sokoni liliporomoka mchana kweupe, na Nuhu, mtoto pekee wa Bi Sikudhani, alikuwa ndani. Vijana walichimba kwa mikono upande lilipokuwa duka lake. Wanawake, kama ilivyo desturi yetu, hawakukubali mwenzao akae peke yake. Walimtandikia mkeka pembeni, juu ya kifusi cha ngazi, wakamzunguka na kulia naye.

Jioni akafika mhandisi Leokadia na kifaa kidogo kama redio.

"Hiki kinatuma mawimbi chini ya zege," akaeleza. "Yakikuta kifua kinachopumua, yananirudishia habari. Lakini sasa kinasoma vifua vyenu. Naombeni wote mvuke barabara."

Na sisi mnatujua: tukiambiwa tusogee, tunasogea mbele.

"Tumwache mwenzetu?" Kibwana muuza nyama akafoka. "Dada, wewe umewahi kuzaa?"

Leokadia akamgeukia Bi Sikudhani. "Mama, usipoondoka wewe, hataondoka mtu."

Bi Sikudhani aliumia moyo. Tangu mchana alikuwa akimwahidi Nuhu, kwa sauti, kupitia nyufa za zege, kwamba habanduki pale. Mama gani anampa mwanawe mgongo saa kama ile? Na kama mashine yenyewe ni porojo? Lakini koo lilikuwa limemkauka kwa kuita, na hakuna aliyeitika. Akashika magoti, akainuka.

"Nuhu, baba, nakwenda hapo tu."

Akavuka barabara huku analia, na soko zima likamfuata.

Leokadia akatazama kioo cha kifaa chake, akakunja uso. "Nimesema wote! Nani amebaki pale mkekani?"

"Hakuna mtu," Kibwana akajibu.

Watu wakatazamana. Bi Sikudhani ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ondoeni mkeka!" akapiga kelele. "Ni mwanangu huyo!"

Kumbe jengo lilipoanza kutikisika, Nuhu alikimbilia ngazini. Dukani hakuwapo kabisa. Walimtoa chini ya pale pale alipokuwa ameketi mama yake, kajaa vumbi, mguu umevunjika, lakini anapumua. Bi Sikudhani hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

Funzo: Ukimpenda mtu, jua pia saa ya kumpisha anayeweza kumwokoa. Usizibe njia ya msaada kwa wingi wa mapenzi yako.