Kidari cha Nyati

Ulikuwa mwaka wa ukame, hata mbu walikosa dimbwi la kuzalia. Simba, Fisi, Sungura na Nyegere wakaungana kuwinda, wakamwangusha nyati mmoja mkongwe. Desturi yao ilikuwa hii: kidari, ile nyama nono ya kifuani, hupewa aliyepigwa kifua na windo, kwa kuwa huyo hatawinda tena mpaka mbavu zake ziunge.

Aliyepigwa alikuwa Nyegere. Alilala kichakani akivuta pumzi kidogo kidogo, hata kusema hawezi. Asipopata nyama ile, atakufa njaa.

Fisi, hilo tumbo lililoota miguu minne, alikuwa ametimua mbio nyati alipoinamisha pembe tu. Alirudi nyati amekwisha kufa, akajipaka damu kifuani, akaja anachechemea.

"Mfalme wangu, nyati kanigonga hapa! Mbavu tatu zimevunjika. Kidari ni changu!"

Simba, ambaye huuona utukufu wake tu, hakuwa ameona kitu. "Mimi nilikuwa shingoni mwa nyati, nafanya kazi ya kifalme," alisema. "Nani kapigwa, sijui."

Sungura akamnong'oneza Simba sikioni. Kisha akamgeukia Fisi kwa huruma nyingi. "Pole sana, kaka Fisi. Mfalme amekubali. Kidari ni chako, na maini, na paja zima."

"Na utumbo?"

"Na utumbo."

Fisi akaangua kile kicheko chake cha kipumbavu. Alicheka mpaka akagaagaa chini, kifua kinapanda na kushuka, huku akijipiga mbavu kwa furaha.

Sungura alimngoja amalize. "Nyegere, nawe hebu cheka." Nyegere alijaribu, akaishia kuguna, machozi yakamtoka.

"Mwenye mbavu zilizovunjika hacheki, kaka," alisema Sungura. "Zako zimeungwa na nini, harufu ya maini?"

Fisi akakumbuka kuchechemea, lakini akachechemea kwa mguu mwingine.

Simba hapendi kufanywa mjinga. Alimchapa kofi la kifua, na safari hii mbavu zikalia kweli. Fisi akakokota miguu akilia, "Sasa nimepigwa! Kidari changu!" Lakini kidari kilikuwa kinywani mwa Nyegere, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Njia ya mwongo ni fupi.