Kaburi la Mgomba

Sogeeni karibu. Anayesinzia akanawe uso kwanza, maana mwisho wa hadithi hii nitawaachia kazi, na kazi yenyewe imewashinda wazee wenye mvi zao.

Juu milimani Upare, katika kijiji kimoja chenye ukungu mwingi kuliko watu, waliishi majirani watatu. Nakijwa alikuwa na masikio. Akiwa jikoni kwake angekuambia mbuzi wa nani amekata kamba kule bondeni. Mzee Senzota alikuwa na pumzi. Akipuliza pembe, vilima vitatu vinasikia. Namsifu, mama wa makamo, alikuwa na daftari la msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu, na asiyefika jina lake husomwa mara mbili mbele ya watu wote. Namsifu hakuhitaji hata kulifungua. Majina yote alikuwa nayo kichwani.

Tena msidhani walizaliwa hivyo. Miaka ishirini na miwili nyuma, mteremko ulio juu ya ndiva, lile lambo la kumwagilia mashamba, ulikatwa miti nusu yake. Masika yakaja, ndiva ikajaa tope. Senzota akapuliza pembe, watu waje wazoe. Wanane waliokaa karibu wakatangulia, na mlima ukawaangukia hao hao wanane.

Yalichimbwa makaburi manane chini ya miti iliyobaki, lakini miili iliyopatikana ilikuwa saba. Wa nane, Mbazi, mume wa Nakijwa, hakuonekana. Na kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litaita mtu. Basi wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika mahali pa Mbazi.

Tangu siku hiyo Nakijwa alikuwa mtu wa kusikiliza. Alisikiliza akichota maji, akipepeta mahindi, akisalimiwa. Senzota alitundika pembe ukutani akaapa haitagusa mdomo wake tena, na watu wakaanza kuitwa kwa kugonga ringi ya gari. Namsifu naye alishindwa kuwafuta wale wanane. Kila msaragambo aliwasoma pamoja na walio hai, akangoja kidogo, kisha akaendelea. Hakuna aliyemkataza. Wakati ule wa kungoja kila mtu alitazama jembe lake.

Msitu ukaitwa Msitu wa Wanane, na hakuna aliyeingia na shoka.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Nakijwa alikuwa akianika maharage, akasikia ngurumo kutoka juu. Akakaa chini papo hapo. Alidhani ni mlima unaanguka tena. Kutwa nzima hakumwambia mtu, maana mara nyingi alikuwa amesikia mambo ambayo wenzake hawakuyasikia, na kijiji kilikwisha kumcheka. Kesho yake ngurumo ikarudi, na safari hii akaisikia inapumzika, inawashwa, inapumzika. Mlima haupumziki. Ule ulikuwa msumeno wa injini.

Akakimbia hadi kwa Senzota.

"Mzee Senzota, wanakata Msitu wa Wanane!"

"Kagonge ringi, shemeji."

"Ringi haifiki ng'ambo. Shusha pembe."

Mzee akatazama ukutani. "Mara ya mwisho nilipoita, wewe unajua ni nani walioitika."

"Najua. Mmoja alikuwa wangu. Ita, shemeji."

Senzota akashusha pembe, akafuta utando wa buibui, akapuliza. Alipuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka na damu ikaonekana mdomoni. Vilima vitatu vilisikia. Watu wazima waliotupa majembe na kukimbia walikuwa wakilia njiani, kwa kuwa hawakujua ni nini kimeanguka safari hii. Walipofika msituni na kuona misumeno, kila mmoja akasimama ameegemeza mgongo kwenye shina la mti, akatwe yeye kwanza.

Mfanyabiashara wa mbao aliyeleta misumeno hakutishika. Alikuwa na vibarua wanane, ofisa mmoja wa misitu, na karatasi.

"Mbona mnanishangaa? Wenyewe mmekubali," akasema. "Hii hapa orodha ya walioridhia. Watu mia moja na kumi na saba."

Hapo ndipo mgongo wa kwanza ulipobanduka mtini. Jirani akamtazama jirani. Nani amekubali? Wengine wakaanza kurudi nyuma.

Namsifu akaiomba karatasi, na macho yake yalipoangukia mstari wa kwanza akaijua. Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye adabu alikuja kuazima daftari lake, akasema anahesabu kaya. Namsifu akampa, hata chai akamnywesha. Majina haya yalikuwa yamenakiliwa kutoka humo, moja baada ya jingine.

Hakubishana. Alianza kusoma kwa sauti ile ile ya msaragambo.

"Elinazi Mchome."

"Nipo! Sijakubali."

"Nanzia Mrutu."

"Nipo, sijakubali hata kidogo!"

Akaendelea hivyo, mti kwa mti, mpaka akafika mahali pake pa kungoja.

"Mbazi Msangi."

Akangoja.

"Mbazi Msangi," akarudia, kama inavyofanywa kwa asiyefika.

Nakijwa peke yake alisikia kitu. Alisikia nini, hajamwambia mtu hadi leo, lakini waliokuwa karibu walimwona akigeuka upande wa makaburi, midomo ikimcheza.

"Bwana," Namsifu akamwambia mfanyabiashara, "huyu alikubali lini? Miaka ishirini na miwili namwita haitiki. Wapo wanane wa namna hii katika orodha yako. Saba wamelala hapo ulipoweka galoni la mafuta."

Vibarua, nao watoto wa milimani, wakahesabiana, wakajikuta nao ni wanane, wakazima misumeno. Ofisa akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwake. Mwezi haukuisha, kibali cha kukata miti kikafutwa.

Wazee wakaufunga msitu. Jembe lisiingie tena humo milele, isipokuwa mara moja tu: kaburi la mgomba lifunguliwe, apumzike humo mmoja wa hao watatu waliouokoa msitu, siku atakapokufa, awe mlinzi wa msitu pamoja na wale saba.

Senzota amelala kitandani, kifua hakijapona tangu siku ile. Anasema, "Niliowaita niliwaacha waende peke yao. Nilazeni nao." Watu wanamhurumia, ila wapo wanaosema ndiye aliyewaita kwenye mauti.

Namsifu anasema, "Miaka yote hii nimewaweka daftarini pamoja na wenzao, sikuwafuta hata mmoja. Leo nifutwe mimi?" Watu wanakubali, ila wapo wanaosema ni yeye aliyemkopesha mwizi daftari.

Nakijwa hasemi kitu. Watu wanasema pale ni kwa mumewe, ila wapo wanaokumbuka kuwa alikaa kimya siku moja, na siku hiyo miti mitatu ya kale ya mikulo ilianguka. Yeye yanamsumbua mengine. Anatamani pale kuliko wote. Lakini akiingia yeye, amekiri kwamba Mbazi harudi. Na akiingia mwingine, Mbazi akipatikana atalazwa wapi? Kwa hiyo anaketi mlangoni, ameelekeza sikio msituni, na kila Senzota anapokohoa kule ng'ambo ya ua, anageuza sikio upande huo.

Pasingekuwa na sikio, pembe ingebaki ukutani. Pasingekuwa na pembe, wanawake wawili wangefanya nini mbele ya misumeno? Na pasingekuwa na daftari, watu wangerudi nyumbani wakituhumiana.

Kikohozi cha mzee kinazidi kupungua nguvu, na wazee hawajakata shauri. Haya, nimewatwika mzigo. Wewe uliyenawa uso, na wewe uliyejificha nyuma: kaburi la mgomba mngempa nani? Au mngeuacha mgomba ulale, Nakijwa aendelee kusikiliza?