Kabureta Mpya za Mwinjilisti

Palikuwa na mwinjilisti mmoja aliyemiliki pikipiki kuukuu ya Kiingereza, iliyomzidi hata yeye umri. Ilikuwa nzito kama fahali, ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na kila silinda ilikuwa na kabureta yake ya kuilisha. Kwa asiyejua, kabureta ndiyo jiko la injini. Hapo petroli inachanganywa na hewa, halafu mchanganyiko unaingia ndani kuwaka. Petroli bila hewa haiwaki, na hewa bila petroli haiwaki. Lazima vikutane kwa kiasi chake.

Mwinjilisti huyo aliishi chini tambarare, kwenye joto na mashamba ya mkonge, lakini mtaa, yaani kanisa dogo la usharika, aliopewa kuuhudumia ulikuwa juu kabisa mlimani, kule watu wanakolima tangawizi na kabichi, na ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Waumini wake wa huko walikuwa wengi wao wazee. Jumapili walikaa kwenye mabenchi wakitega masikio. Wakisikia mlio wa pikipiki ile kwenye kona za chini, walijua ibada ipo.

Sasa kabureta zile zikachakaa. Kile kipande cha ndani kinachopanda na kushuka dereva anapoongeza mafuta kilikuwa kimelika, kikawa kinacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Injini ikiwaka, silinda moja inakimbia, nyingine inasinzia. Petroli ikamdondokea mwinjilisti kwenye viatu vyake vya ibada.

"Baba Eliamani," mkewe alimwambia, "siku utakayosogelea mishumaa ya madhabahu na viatu hivyo, tutaimba wimbo wa mazishi kabla ya mahubiri."

Jumapili nyingi zikapita pikipiki haipandi, na mvua zilipokuwa nyingi hata bodaboda walikataa ile njia. Mwishowe baraza la usharika likaketi, likasema: Jumapili ya mavuno ikipita na mhudumu hajafika mlimani, mtaa ule utafungwa, na waumini wake watahesabiwa kwenye kanisa la chini. Hebu fikirini, ndugu zangu. Bibi ana goti lililovimba, fimbo mkononi, unamwambia kanisa lake sasa liko chini ya mlima. Si umemwambia hana kanisa?

Mwinjilisti hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Akaenda kwa fundi. Fundi akazifungua zile kabureta, akazitikisa, akatikisa na kichwa. "Hizi zimekwisha. Hata ukiziombea."

Zikatafutwa nyingine, na washarika wakasaidia. Zikapatikana za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za ukubwa uleule wa zamani. Za pili zilikuwa na mdomo mpana na tundu pana la petroli, za pikipiki za mashindano. Fundi akashika moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono huu, watu wamemzunguka.

"Hii ndogo ndiyo saizi yake ya kuzaliwa," alisema. "Lakini hii kubwa, mwinjilisti, inalisha kwelikweli. Ningekuwa mimi, ningefunga hii."

"Kubwa!" wakasema wazee wa kanisa.

"Kubwa," akasema mwenyekiti wa kwaya. "Mlima ule haupandwi kwa injini inayolishwa kwa kijiko cha chai."

Mwinjilisti akasitasita. "Haitakuwa nyingi mno?"

"Nguvu ikizidi inamuumiza nani?" Fundi akacheka, na wote wakacheka naye.

Wakafunga kubwa. Na fundi yule alizitengeneza vizuri, tusimwonee. Alizipanga zote mbili zifunguke kwa pamoja, isitangulie hata moja. Halafu akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akaweka kiganja kimoja mbele ya kila eksozi, akafumba macho kama mtu anayeomba. Alikuwa akipima pumzi. Alirekebisha huku, akarekebisha kule, mpaka kiganja cha kulia kikahisi pumzi ileile ya kiganja cha kushoto. Pikipiki ikanguruma kwa sauti moja. Mwinjilisti akaizungusha uwanja wa kanisa, akina mama wakapiga vigelegele.

"Hapo nilipozifunga," fundi akasema, "usiguse."

Jumapili ya mavuno alfajiri mwinjilisti akaondoka, mkewe nyuma na kikapu cha chakula. Kona za kwanza pikipiki ilizimeza. Lakini mkonge ulipokwisha na migomba ikaanza, injini ikaanza kumisi, mlio unakatakata. Migomba ilipopungua na baridi ikaanza kuuma, nyuma yao pakawa na moshi mweusi, mzito, kama wa tanuri la matofali.

Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakishuka na magunia ya tangawizi. Mmoja akapaza sauti, "Mwinjilisti! Moshi mweusi kama wa Roma! Papa bado hajapatikana?"

"Tazama mbele wewe, kuna kona!" mkewe akamjibu. "Usije ukampata Petro mwenyewe!"

Mwinjilisti hakucheka. Alisimama kando ya njia, akafumba macho. "Bwana," akasema, "mlima ni mkubwa na sisi ni wadogo. Tuongezee nguvu."

Akatoa bisibisi na spana. Aliwaza kama ambavyo mimi na wewe tungewaza: mzigo mzito, njia ndefu, basi mnyama ale zaidi. Ndani ya kila kabureta kuna sindano inayokaa kwenye tundu la petroli, na ukiipandisha sindano, petroli inapita nyingi zaidi. Akazipandisha zote mbili. Akapiga kiki. Pikipiki ikawaka kwa kukohoa, ikasogea mpaka kona iliyofuata, ikazimika.

"Bado haijatosheka," alisema.

"Labda turudi," mkewe akasema kwa upole.

Kurudi kungekuwa rahisi, maana mteremko haudai injini. Lakini mwinjilisti alimwona moyoni yule bibi wa goti, ameketi kwenye benchi la mbele, ametega sikio. Akashika usukani, akaanza kusukuma. Mkewe akasukuma kwa nyuma. Walisukuma mpaka mama akaachia, akaketi juu ya jiwe, mkono ubavuni, mdomo wazi.

Mume akamwonea huruma. Akafungua kikapu haraka, akatoa kiazi cha kuchemsha, akamsogezea mdomoni. "Kula, mama, upate nguvu."

Mama akausukuma ule mkono. "Sina njaa, Baba Eliamani. Usinilishe. Niache nipumue."

Mwinjilisti akabaki na kiazi mkononi. Akamtazama mkewe. Akaitazama pikipiki. Akamtazama tena mkewe.

"Umesemaje?"

"Nimesema niache nipumue! Hewa yenyewe ya huku nyepesi, halafu wewe unanishindilia viazi!"

Akakiweka kiazi chini, akaifungua plagi moja, kile kipande kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Plagi, ndugu zangu, kwa fundi ni kama ulimi wa mgonjwa kwa daktari. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa. Ikiwa rangi ya chai, ina afya. Ile ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, tena inachuruzika petroli. Ya upande wa pili vilevile.

"Hii haina njaa," alisema taratibu. "Imevimbiwa. Hewa ya huku ni kidogo, na sisi tunazidi kuimiminia."

"Basi ipunguzie."

"Fundi alisema nisiguse."

"Ulipokuwa unaongeza hukumkumbuka fundi?"

Mwinjilisti akachukua tena bisibisi. Akazishusha sindano zote mbili, akazishusha kupita hata pale fundi alipoziweka. Akafungua skrubu za hewa, huku na huku kwa kiasi kilekile. Akafuta plagi kwa pindo la kanga ya mkewe, naye akanung'unika kwamba kanga ilikuwa mpya. Akapiga kiki. Likatoka wingu jeusi, kama kifua kinachojisafisha, halafu moshi ukapungua, ukatoweka. Akachuchumaa nyuma, akaweka viganja mbele ya eksozi kama alivyomwona fundi akifanya, akarekebisha mpaka pumzi za pande mbili zikalingana.

"Panda," alimwambia mkewe.

Wakapanda mlima kwa petroli kidogo kuliko waliyokuwa wakiitumia tambarare.

Kule juu jua lilikuwa limeshavuka utosi. Mzee wa kanisa alikwisha kuwaambia watu wachukue maboga yao na kuku wao warudi nyumbani. Mjumbe wa baraza alikuwa mlangoni, anafunga. Ndipo yule bibi wa goti akainua fimbo yake, akasema, "Nyamazeni."

Kutoka kona za chini ukapanda mlio wa silinda mbili, zinazungumza kwa sauti moja. Mjumbe akasikiliza. Halafu akaufungua ule mlango, akaushikilia ili waumini waingie. Na mtaa ule haukufungwa.

Sasa niambieni: Mungu alilijibu ombi la mwinjilisti?

Nasikia mnasema ndiyo. Hapana, ndugu zangu. Kumbukeni alichoomba. Aliomba kuongezewa. Mungu alilikataa ombi hilo, na tumshukuru kwa kulikataa, maana angemwongezea tone moja tu, yule bibi angerudi nyumbani na boga lake na kanisa lingefungwa. Mungu hakumpa alichokitaka. Alimwonyesha kilichokuwa kinaisonga injini.

Na ni nani waliomfungia kabureta zile kubwa? Adui zake? Ni waliompenda. Fundi alimpenda, wazee walimpenda, kwaya ilimpenda. Sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Kuna mama katikati yetu aliyemzika mtoto wake. Tulikwenda kwake wengi, na kila mmoja alikwenda na lake. Tukampa mistari. Tukampa ushuhuda wa shangazi zetu. Tukamwambia asilie sana, aimbe, aje kwenye maombi, ajiunge na kikundi. Kuna binti aliyekatishwa shule, na kila anayekutana naye njiani ana shauri la kumpa. Maneno yote hayo ni mazuri. Ni petroli safi kabisa. Lakini tuliyapima tukiwa tambarare, kwenye hewa yetu tele, na wenzetu wako mlimani.

Halafu tunamwona mtu huyo anakohoa, anatoa moshi, anabaki nyuma, tunasema imani yake ni ndogo, tumwongezee. Jamani, moto wake haujafa! Umelowa tu. Hatumsaidii kwa kummiminia tena.

Leo tukitoka hapa, kila mmoja wetu atapita mlangoni kwa mtu wa namna hiyo. Tusipite. Tuingie, lakini tuyaache mashauri yetu nje pamoja na viatu. Kama ndoo yake ni tupu, tukamchotee maji. Halafu tukae naye kwenye mkeka. Akitaka kulia, alie. Akinyamaza, tunyamaze naye, hata kama ulimi unatuwasha. Tutamsikia, polepole, anaanza kuvuta pumzi. Na mtu akishaanza kupumua, mlima ataupanda.